Moyo Yenye Kuruka Uzi

Siku ya pili ya juma, 2 Septemba 2025
Docta Yves amesoma ile kamashini nilivaa kifuani mchana na usiku. Mapigo 28.000 ya ovyo — siku moja tu! Anasema moyo inapiga mbele ya saa yake, kisha inanyamaza kidogo. Miye mushonaji, nikaelewa mara moja: inaruka uzi. Dawa imeshindwa na moyo imeanza kupanuka. Na niko na miaka 41 tu! Iko lazima ablasyo. Banapitisha waya nyembamba ndani ya mushipa ya paja mpaka kwa moyo, banatafuta pahali penye kuleta fujo, banapachoma. Banachoma! Kama nyama ya brosheti. Hapa Bunia hakuna. Nairobi.

Siku ya tatu, 3 Septemba
Shemeki Alphonsine, dada ya bwana yangu Olivier, amefika na kundi yake ya maombi. Eti ni pepo ya ukoo yetu ya Butembo. Nikauliza kwa nini hiyo pepo inazidi nikikunywa kahawa. Akakunja uso, akaniwekea mikono yote mbili kifuani — nzito sawa gunia ya mihogo. Olivier alikuwa anachekea ndani ya kitambaa. Batu bakatoka, akaacha kucheka. Ananitazama sasa kama glasi yenye ufa.

Siku ya yenga, 14 Septemba
Tumefika Nairobi, kwa hospitali, miye na Olivier. Baridi. Kahawa banakataza.

Siku ya pili, 16 Septemba
Asubuhi bakanilaza kwa meza, waya kila pahali. Docta — mwanamuke mufupi, sauti ya jenerali — akasema hatanipa dawa ya usingizi, inaweza kuficha mapigo. Tukangoja. Moyo: safi! Pa, pa, pa, kama askari banatembea kwa defile. Miaka mbili inaniaibisha mbele ya bakiliya benye kushonesha, leo inajifanya mutakatifu! Bakaweka dawa ya kuichokoza. Bure. Docta akasema bila fujo hawezi kujua pa kuchoma. Akauliza: hakuna kitu yenye kukukasirisha? Nikamutajia Alphonsine. Bote bakacheka. Moyo, hata!

Bakanirudisha kitandani. Mapigo ikirudi mbele ya saa kumi, nifinye kengele, bataniingiza palepale.

Olivier akapiga simu Bunia kueleza. Nasikia Alphonsine analia kwa furaha: «Haleluya! Kavira, Bwana amefanya! Rudi nyumbani!» Kusema kweli, nilitamani. Nimuachie ushindi yake, nipande ndege, hakuna mutu ananichoma.

Olivier ametoka kutafuta chakula.

Saa nane na nusu. Hii! Moja. Tena. Sasa mbili pamoja, koo inajaa. Njo yenyewe, ile moyo mukorofi. Mama ya kitanda ya pembeni ameacha kula, ananiuliza kama niko muzima. Niko muzima, mama. Kabisa.

Kengele iko hapa, karibu na mukono. Tatu. Ine. Ngoja kwanza nimalize hii sentensi, kisha nafinya —