Siagi ya Makadamia na Ulimi wa Baba Mkwe

Mshauri mpendwa, naomba unishike mkono katika jambo ambalo sina wa kumweleza humu ndani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa kemia, mwili umeniishia, na daktari ameacha kunificha kwamba safari yangu imekaribia, wala sinung'uniki, nimeishi vizuri na ninatunzwa vizuri, ila kuna uongo mmoja ambao nimeupenda kupita kiasi.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, anatengeneza siagi ya makadamia katika chumba cha nyuma, anayapasua yale maganda magumu, anachoma kidogo, anasaga na kutia chumvi, basi, hakuna sukari wala mafuta ya dukani, na tangu alipoanza, kila anachosaga huniletea kwanza kitandani kwenye kijiko nionje, kwa sababu zamani ulimi wangu haukukosea, nilijua moto umezidi au chumvi imepungua, tofauti na mwanangu ambaye husema tamu kabla kijiko hakijafika mdomoni. Sasa, tangu nianze dawa hizi sionji kitu, chai na maji kwangu ni ndugu, lakini sikusema, nikajifunza kumsoma yeye: akiingia na kuninyooshea kijiko hata hajakaa, najua imekubali, nasema hapo hapo, tia kwenye chupa, akianza kwa kuilaumu mashine au kusema makadamia hayakukauka vizuri, najua ana shaka, nasema rudisha jikoni. Wateja wanamsifu yeye, yeye ananisifu mimi, nami nimeegemea mito yangu kama mfalme.

Juzi aliingia uso umemvimba, nikasema moto umezidi, akaenda kuanza upya ingawa mgongo humsumbua, na jioni mwanangu akaja kuniomba nimsuluhishe na mkewe, kumbe walinuniana tangu asubuhi. Siagi haikuwa na kosa lolote. Nilipomwita mkwe wangu kumtuliza, akaniambia neno lililoninyima raha: "Baba, siku ukituacha nitafunga kazi hii. Mimi nina mikono tu, ulimi ni wako."

Nikimwambia kweli ataona nilimchezea, na pengine hataketi tena ukingoni mwa kitanda changu na kijiko chake. Nikinyamaza, nitazikwa na riziki yake. Nifanye nini?

Mzee wa Kijiko

*

Mzee wangu, shikamoo. Pole kwa maradhi, na hongera kwa kupata mkwe kama huyo. Nimecheka, nakiri, kisha nikakasirika kwa niaba ya mgongo wa mtoto wa watu.

Wewe uliyefundisha kemia hukuona kilicho mbele ya macho yako? Kila chupa iliyosifiwa tangu uanze dawa imeonjwa na mtu mmoja, naye si wewe. Ule uso uliokuwa ukiusoma ulikwishaonja na kukata shauri kabla haujafika mlangoni pako. Ulimi anao. Kupoteza ladha si kosa, uzee haubishi hodi. Kosa ni kumficha mtu ulimi wake mwenyewe.

Na usijifunike: hofu yako kubwa ni kukosa ile saa ya kuketi naye. Mwambie hivyo pia. Mtu huomba kutembelewa, hajifanyi hakimu ili watu wamjie.

Basi kesho akija, usifungue mdomo kupokea kijiko. Mwambie aonje yeye, aseme kwa sauti siagi inataka nini, ndipo umweleze yote, na la juzi usiliruke. Usimpe mwanao siri hii aje kuisema baada ya mazishi. Maneno ya marehemu hayajibiwi, na huyu ana haki ya kukujibu. Akikasirika, na akasirike ukiwa hai, mpate muda wa kupatana. Mwanao naye apasue makadamia wiki nzima, mkewe anyooshe mgongo. Na daktari umweleze habari ya ulimi, dawa nyingine hubadilishwa.

Kisha uile hiyo siagi. Huionji, sawa, lakini tumbo halina habari na ladha, na mzee aliyekonda hana sababu ya kurudisha chakula kizuri jikoni.