Chakula cha Hotelini Hakihesabiki

Kibirichia,
9 Februari 2025

Kwa binti yangu Kanana,

Natumaini joto la Doha limekubakishia mwili kidogo. Sisi huku ni ukungu na sweta. Goti la mama yako linamsumbua, lakini kila Jumamosi bado analipeleka mazoezi ya kwaya. Mwanao Kathuri ni mzima kuliko sisi wote tukijumlishwa. Naandika kwa simu, kwa hivyo vumilia makosa. Kidole hiki kilizoea jembe.

Uliniuliza kama mtoto anatoka nje ama anashinda na kuku. Basi jana alitoka. Nilikuwa na viazi vya kupeleka ile hoteli ya Makutano, mama yako hayuko, nikajiambia, mtu wa miaka miwili atanilemea nini? Nikamvika lile koti la kijani ulilotuma, tukapanda pikapu ya Misheck, tukaenda.

Kanana, nilikuwa nadhani nimelea watoto wanne. Kumbe aliyelea ni mama yako, mimi nilikuwa napita tu.

Kwanza alikataa kiti cha watoto. Alikaza miguu kama ubao, nikashindwa kumkunja. Akataka kukaa juu ya meza. Nikaagiza chipsi na kuku, akalamba sosi yote kwa kidole, halafu chipsi akaanza kumrushia mchungaji mmoja aliyekuwa anaombea chakula chake amefumba macho. Na hivyo viazi ni vyangu! Nimevipanda, nimevichimba, nimevipakia, halafu nikavinunua tena ili mchungaji apigwe navyo usoni. Nikageuka kumwomba mchungaji msamaha, kugeuka tena, mtoto ameingia chini ya meza. Nikamfuata kwa magoti. Mimi, mzee wa kanisa, natambaa katikati ya viatu vya watu.

Gatakaa, yule msichana wa kuhudumu, akaniuliza, "Mzee, huyu ni wako ama umemkodisha?"

"Ni wa msichana wangu."

"Basi mrudishie kabla hajatubomolea."

Mwishowe kuna mtu alinisaidia kumshika, nikajipangusa, naye akatulia akala kuku vizuri. Tulirudi salama. Mama yako aliuliza kwa nini suruali yangu ina sosi magotini. Nilimwambia nilikuwa naomba.

Ni mimi,
Baba yako

*

Doha,
16 Februari 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe, Mama na goti lake. Mimi mwili uko sawa. Barua yako niliisomea bafuni ili nicheke bila kuulizwa.

Unajua Jumamosi hiyo hiyo nilikuwa wapi? Hotelini pia. Mwajiri wangu na wenzake hupenda kula nje, nami huenda kwa sababu ya mtoto wao, rika moja na Kathuri. Wao wanakula, mimi nampulizia kijiko, namfuta mdomo, namfuata chini ya meza kama wewe. Nikimaliza, chakula changu nafungiwa nibebe. Juzi alilala begani mwangu, nikajikuta namwita Kathuri. Hakuna aliyesikia, lakini mimi nilisikia. Ninamlisha mtoto wa watu na wangu nasoma tu kwamba amekula.

Kwa hivyo Baba, usichoke. Mtoe kila Jumamosi, halafu uniandikie kila kitu, hata alichotema.

Ninakuomba kitu kimoja tu. Najua Mwaniki siku hizi anafanya kazi ya kuweka stima huko mjini. Simkatazi kuwa baba ya mtoto. Lakini sijasahau ile siku ya watu wake kuja kujulikana kwetu. Mlipiga hema, Mama na wenzake wakapika tangu alfajiri, mimi nimekaa hapo na tumbo langu mbele, na kutoka Embu hakuja mtu wala simu. Jioni tuliwagawia majirani chakula, nao wakala bila kututazama usoni. Sitaki amkaribie Kathuri mpaka nirudi nizungumze naye mimi mwenyewe. Wewe ndiye nimekuachia mlango huo.

Binti yako,
Kanana

*

Kibirichia,
23 Machi 2025

Kwa Kanana wetu,

Hujambo huko mbali? Hapa mvua imekuja na kelele nyingi kuliko maji, lakini tumepanda. Mama yako anakusalimu. Goti linasema litakusalimu likipona.

Samahani kwa kukaa kimya. Jumamosi sasa ni siku yetu kabisa. Kathuri amekuwa mtu wa heshima hotelini, hutaamini. Anakaa kitini mwenyewe. Anakula samaki, anatolewa miiba, anafungua mdomo kama kifaranga. Amejifunza kusema "asante" na "ongeza", ingawa anaanza na "ongeza". Wiki iliyopita alimpa Gatakaa mfupa aliokwisha kuutafuna, akakasirika alipokataa kuula.

Mimi mzee naketi hapo, nasoma gazeti mbele na nyuma, namaliza chai yangu ikiwa bado na moshi. Nani angefikiri? Usiwe na wasiwasi wowote.

Nakupenda,
Baba yako

*

Doha,
25 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Swali moja.

Kazi yangu ni kukaa hotelini na mtoto wa miaka miwili. Hiyo kazi naijua. Hakuna mtu duniani anayekaa peke yake na mtoto wa miaka miwili akasoma gazeti mbele na nyuma. Hakuna anayemaliza chai ikiwa na moshi. Na wewe huwezi kumtoa samaki miiba. Hata wako Mama ndiye hukutolea.

Ni nani anamlisha Kathuri?

Binti yako,
Kanana

*

Kibirichia,
13 Aprili 2025

Kanana binti yangu,

Nakusalimu, na nitaelewa ukikataa salamu. Barua hii nimeianza mara nyingi. Mtoto ni mzima, hilo lisikusumbue.

Ni Mwaniki.

Siku ile ya kwanza, nikiwa chini ya meza, Kathuri alimkimbilia mtu aliyekuwa anakula peke yake, akampanda magotini. Nilipoinuka nikaona ni magoti ya nani. Hakuna aliyepanga, haki ya Mungu hakuna. Mwaniki alishtuka kuliko mimi. Akainuka na mtoto amemshika shati, akasema, "Mzee, naondoka." Chakula chake kilikuwa nusu. Hapo ndipo ningesema haya, nenda. Barua yako ya kunikataza haikuwa imefika, lakini je, nilihitaji barua? Nilikuwa najua. Nikasema, "Maliza kwanza kula."

Na barua yako ilipofika nikaisoma, nikaikunja rohoni, na Jumamosi nikaenda tena. Alikuwa anangoja. Kathuri alimwona tangu mlangoni akaanza kupiga mayowe ya furaha, na mimi, Kanana, ni mtu mdhaifu sana mbele ya mayowe ya aina hiyo. Tena nitasema ukweli wote: nilikuwa nimechoka kutambaa.

Unajua kwetu hawezi kuonja hata maji mpaka watu wake waje. Hilo nililishika. Sikumleta hata langoni. Nikajipa hekima yangu mwenyewe, kwamba hoteli si boma la mtu, na chakula cha hotelini hakihesabiki. Nilijiona mjanja. Tukawa tunakula meza moja, anamlisha mtoto, ananikatia nyama naipokea. Alinieleza kuhusu ile siku ya hema. Hayo sitakuandikia, ni yake kukueleza.

Sasa sikia nilichofanya. Mtu wa kwao alituona tukila mguu wa mbuzi. Alhamisi wakaja wajomba zake wawili kutoka Embu, wametumwa na baba yake, Mzee Muchangi. Walisimama langoni kwa adabu wakaniita mkwe. "Mkwe wetu, tumesikia umekula nyama na kijana wetu. Tunashukuru, njia imefunguka. Agosti tutakuja kumalizia yaliyobaki."

Nikawaambia ile ilikuwa hoteli tu. Mmoja alicheka mpaka akashika lango. "Kwani nyama ya hotelini huingia tumbo lingine?"

Kwa hesabu yao wewe umekwisha kupewa, na aliyekupa ni mimi, nikiwa na mafuta kwenye ndevu. Mama yako alisikia yote kutoka jikoni. Tangu siku hiyo ananiwekea chakula kama mgeni, sahani imefunikwa, maji ya kunawa pembeni, neno hakuna.

Nisamehe kama unaweza.
Baba yako

*

Doha,
14 Aprili 2025

Baba,

Salamu jazia mwenyewe.

Nilikuomba kitu kimoja. Kimoja. Siku ya hema niliachwa mbele ya watu, nikasema sawa, siku ya kumjibu Mwaniki itakuja na nitamjibu kwa mdomo wangu. Hilo tu ndilo nilibaki nalo. Mlipokuwa mnakata huo mbuzi, mlikuwa mnanigawa mimi. Nami niko huku napuliza vijiko.

Usiniambie kuhusu mayowe ya mtoto. Unafikiri siyasikii?

Nimeongea na Shangazi Regina. Atakuja kumchukua Kathuri, akae naye Mikinduri. Usiende kumwona. Usiniandikie mpaka neno langu limerudi mdomoni mwangu. Sijui utalirudisha vipi. Wewe ndiye unajua mnavyohesabu.

Kanana

*

Kibirichia,
20 Julai 2025

Kwa Kanana, kama bado unafungua barua zangu,

Mama yako ni mzima na anakusalimu; amenipa ruhusa ya kukuambia hivyo, na ndiyo sentensi ndefu zaidi aliyonipa mwezi huu. Mikinduri sijaenda. Regina aliponipigia simu nimsikilize mtoto akiimba, nilimwambia akate, kwa sababu sikujua kama umeruhusu. Jumamosi napeleka viazi, nageuza. Gatakaa huniuliza yule mvunjaji wa vitu yuko wapi. Namwambia amesafiri.

Ijumaa nilienda kwa Mzee Muchangi, kule chini Siakago, Embu, kwenye joto. Sikumchukua mtu wa kunisindikiza, ila Misheck wa kuendesha. Mtu anayekwenda kufanya jambo la aibu asijaze gari.

Walidhani nimekuja kupanga Agosti. Walinipokea, Kanana, vizuri mno. Kiti cha kivuli, mbuzi amechinjwa, mbaazi, uji wa wimbi kwa kibuyu. Nami nilikuwa nimetoka nyumbani bila chai. Harufu ya ile nyama ilinijia ikanishika kola. Wajomba wakakaa, Mwaniki akaleta maji ya kunawa. Nikaweka mikono yangu mfukoni.

Nikasema, "Wazee, sitakula."

Yule mjomba wa kicheko akasema, "Umetoka Meru kuja kututukana kwenye sahani?"

"Nimekuja kujitukana mimi. Nilikula na kijana wenu mahali ambapo sikupaswa kula, nikajidanganya kwamba hakihesabiki. Mkanionyesha kinahesabika. Sawa. Basi na hiki nisichokula nacho kihesabiwe. Sina msichana wa kuwapa. Yule ana mdomo wake. Siku ile ya hema alikaa akiwangoja, na mpaka leo hakuna mtu amemuuliza anasemaje, mimi wa kwanza."

Mjomba alisimama. Nilifikiri napigwa, na nilikuwa nimechagua shavu. Lakini Mzee Muchangi ni mtu mpole, tena haoni vizuri sasa. Alipapasa mezani mpaka akapata kifuniko, akafunika nyama mwenyewe. "Ondoeni," akasema. "Huyu hajala kwetu. Agosti hakuna safari." Halafu akanigeukia. "Mwambie huyo binti yako kwamba ile siku mimi ndiye nilikatalia watu gari. Kijana alilia."

Nimekuambia kwa sababu ametuma. Sijaongezea chumvi.

Mwaniki alinisindikiza mpaka barabarani. Hakusema lolote baya. Aliniuliza tu kama Kathuri bado anatupa maganda ya ndizi kwenye viatu vya watu. Nikasema sijui, kwa kuwa kweli sijui. Nilimwacha amesimama hapo, mtu niliyekuwa nimemzoea, nikahisi nimemkosea hata yeye. Yaani nimefaulu kumkosea kila mtu, bado Misheck peke yake, na yeye nilimtapikia kwenye pikapu kwa njaa na joto.

Najua kutokula siku moja hakufuti yale niliyokula. Lakini kwa hesabu ya wazee, neno limetoka kwangu. Liko kwako.

Baba yako

*

Doha,
3 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ya zile nilizokunyima. Mimi mzima. Nilikonda kidogo wakati wa hasira, sasa nimerudi.

Mwaniki ameniandikia. Ni mara ya kwanza tangu ile siku, na ameanza na mambo ya baba yake na hilo gari. Sijamjibu. Nitamjibu, au sitamjibu. Neno langu naligeuzageuza kama kitu nimenunuliwa, sijui bado kama kinanitosha. Ukikutana naye mjini msalimie, halafu upite. Akitaka kumwona mtoto aniulize mimi. Huenda nikakubali. Usiniulize lini.

Wewe bado nimekukasirikia. Nakuambia ili usije ukadhani barua hii ni kicheko. Usiku nikikumbuka mnakata ile nyama, nakasirika upya. Halafu nakumbuka mtu aliyekosa kifungua kinywa akiweka mikono mfukoni mbele ya mbuzi mzima, na ninakujua jinsi unavyopenda nyama, nashindwa niweke wapi hasira.

Na mimi nina la kwangu. Nilipomtoa Kathuri kwako, nilijua namwadhibu yeye pia. Regina anasema Jumamosi husimama mlangoni na koti lake la kijani, hata jua likiwaka. Nililijua hilo tangu Mei. Nikaacha liendelee.

Nimemwambia Regina amrudishe Ijumaa. Mwambie Mama aache kukufunikia chakula, hilo nimelisema mimi.

Jumamosi mtoe. Atakusumbua, amekua, na sasa anapanda ngazi. Chai yako itapoa na hutasoma hata jina la gazeti. Mkifika hotelini, mwambie Gatakaa awape meza ya watu wawili.

Binti yako,
Kanana