Moyo Uliosomwa Ulikuwa Wangu

Malang,
13 Agosti 2023

Mpendwa Kaka Prayitno,

Assalamu alaikum. Hujambo huko Kaohsiung? Mgongo umepona, au kiwanda bado kinakubebesha vyuma? Wifi Sumi na mwanetu Galih wazima? Mimi ni mzima, ila naandikia gotini hapa hospitalini, vumilia mwandiko. Jirani yetu Yuli anarudi huko kesho, nimempa barua hii kwa sababu kwenye simu nilikuficha jambo.

Mama alipasuliwa utumbo Alhamisi, hilo unalijua. Baadaye walimbandika kifuani kidude kisicho na waya, kidogo kama sarafu, kinachopeleka mapigo ya moyo na pumzi hadi kwenye kioo mezani kwa wauguzi. Kikibanduka tu, kengele inalia, nao wanakuja kufoka.

Jana asubuhi Mama akalalamika kwamba upepo umemwingia mwilini, utolewe kwa kukwanguliwa ngozi kwa sarafu. "Nikwangue, Wiwik. Au tajiri wa kuuza tempe za soya huna hata sarafu?" Nawe kwenye simu ukadakia, "Mpe mama anachotaka." Ni rahisi kusema ukiwa ng'ambo, Kaka. Miaka tisa sasa, anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda chake ni mimi.

Kidude kilinizuia kukwangua. Nikakibandua, nikakibandika kifuani pangu ili kengele isilie. Nikampaka zeri, nikamkwangua shingo na kifua mpaka mistari ikawa myekundu. Akalala. Sikusahau kukirudisha, niliona vibaya kumwamsha.

Muuguzi Tutik akapita akicheka: "Mapigo sabini na nne! Bibi huyu atatuzika sote." Yalikuwa yangu.

Kisha nikamshika Mama mguu. Baridi. Nikahesabu mapigo kwa saa yangu: mia moja thelathini na mbili. Nilipomrudishia kidude, kengele ililia kabla sijafunga vifungo vya blauzi. Kumbe alikuwa anavuja damu ndani. Wakampasua tena.

Daktari alitaka kuandika kwamba hali ilibadilika ghafla. Nikamwambia ukweli, mbele ya wauguzi. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Aliuliza tu, "Dakika ngapi?" Mimi nisiyekosea hesabu, ulimi ulikataa kusema mia moja.

Wamembandika kipya. Hajaamka. Nakikodolea macho kioo: mia na kumi na nane, mia na kumi na mbili, mia na kumi na tano. Njoo mwenyewe, Kaka. Sithubutu tena hata kumfunika shuka.

Nisalimie Wifi Sumi na Galih, na Mjomba Karno ukimwona. Mungu akufikishe Mama angali anapumua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikulaumu,
Wiwik