Mzee Obeid Kalinga, Uliyeisindikiza Timu Hadi Mbalizi

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu kifua kilipokuelemea na baridi ya Julai ikakuchukua ukiwa bado na hoja mdomoni. Nyumba yetu ya Mlandege, hapa Iringa, imepoa. Hata jogoo anawika kama anayeomba radhi. Mama bado anakumiminia chai yenye sukari ile uliyokatazwa na daktari. Inapoa mezani, hakuna anayeigusa.

Miaka yako ya kiwanda cha karatasi kule Mgololo ilikuachia ugonjwa mmoja: hukuweza kutupa karatasi. Chapati ulizifunga kwenye karatasi, misumari kwenye karatasi. Zawadi ya harusi ya bintiyo Faustina uliifunga kwenye mfuko wa saruji ukasema, "Huu ni imara kuliko ndoa nyingi." Ukumbi mzima ulicheka. Mkweo Benjamini hakucheka sana.

Halafu ulikuwa na Mianzi Stars, timu yetu ya mpira ya Mlandege. Kwenye sala za jumuiya wenzako waliombea mvua na wagonjwa, wewe ukamwombea kipa Jailos, "Bwana amfungue macho, hasa kwenye mipira ya juu." Na watu wazima wakaitikia, "Twakuomba utusikie!"

Ndipo ikaja ile habari. Timu haikuwa na basi wala mfadhili, na majukwaani kunguru walikuwa wengi kuliko watu. Mfanyabiashara wa Mbalizi, Mzee Gideoni, akasema yuko tayari kuipa nyumba, chakula na uwanja, mradi ihamie kwao Mbeya. Mlandege nzima ikawaka moto. Mdogo wako, Baba Mdogo Tadeo, mwenyekiti wa tawi, akasema timu si mbuzi, haihamishwi kwa kamba. Wewe ulikuwa mkali kumzidi. "Bora ife nyumbani," ulisema, "tutaizika wenyewe."

Siku moja kabla ya mkutano wa wanachama ulikwenda kambini kuwapelekea vijana kabichi. Ukawakuta wanapokezana kikombe kimoja cha uji usio na sukari. Jailos alipokuona akafunika sufuria haraka. "Karibu, Mzee. Sisi tumeshashiba." Ukaweka kabichi chini. Ulirudi nyumbani ukaacha nusu ya ugali wako, Mama akadhani ni malaria.

Kesho yake ukasimama ukumbini. "Mimi nilisema bora ife nyumbani. Jana nimewaona hao wanaotakiwa kufa. Ni watoto wa watu. Waende." Waliokuwa wakikutegemea wewe uwe ukuta wakanyoosha mikono pamoja nawe, na timu ikahama.

Baba Mdogo hakukusamehe. "Kaka, umeuza mtoto," alisema mbele za watu, na tangu siku ile hakukusalimia tena. Kwetu Uhehe mtu akikunyima salamu yake ya "kamwene" amekuzika ukiwa unatembea. Sokoni wengine wakamwiga. Ulirudi ukatutania, "Leo nimebana matumizi ya mate, sijasalimia mtu." Tulicheka. Lakini tuliona ulivyochukua muda mrefu kuvua viatu, umeinama tu, kamba zimekwishafunguka.

Hata hivyo kwako timu ilikuwa binti anayeolewa, na binti haachwi aende kwa mumewe peke yake kama aliyepotea njia. Ulibeba jogoo, unga na galoni la ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukapanda basi pamoja na timu. Ulanzi ukachacha njiani, kifuniko kikaruka, kocha akalowa hadi soksi. Mlipofika Mbalizi ukasimama mbele ya wenyeji, umevaa koti lako la misa.

"Huyu binti yetu anapika vizuri kipindi cha kwanza," ukawaambia. "Dakika za mwisho huwa anaunguza. Mkimchoka, msimpige. Mrudisheni nyumbani."

Mama Marta, mke wa Mzee Gideoni, alicheka hadi akashika nguzo. "Sasa Baba, mahari tumpe nani?"

"Mpeni yeye mwenyewe, kwenye sahani."

Hayo tulisimuliwa na Jailos. Wewe ulivyorudi ulisema tu kwamba Mbalizi kuna vumbi.

Siku ya kukuzika vijana wa timu walikuja wote, na wao ndio waliokubeba. Baba Mdogo alisimama mbali, mikono mfukoni, kama mtu anayesubiri basi. Jeneza lilipompita aliwatazama mmoja mmoja, shingo zao, mabega yao. "Hawa watoto wamenenepa," alisema. Halafu akalia kwa sauti, hadi akina mama wakaacha wimbo. Hukuwepo kumsikia, Baba. Hilo ndilo linalotuuma hadi leo.

Hatukufichi: watoto wa Mlandege siku hizi hawana timu ya kuikimbilia wikiendi, na wapo wanaosema bado kwamba ulikosea. Sisi wenyewe tunabishana, na wewe uliyekuwa ukimaliza ubishi wa nyumba hii hupo. Jumapili hii, baada ya misa yako, timu inakuja kucheza Iringa. Inakuja kama mgeni. Watu wanatuuliza tutakaa upande gani.

Jana Baba Mdogo alikuja akakaa jikoni, kofia mkononi.

"Shemeji," akamwambia Mama, "Jumapili mimi nitakaa kwa wageni. Kaka angekaa huko."

"Utashangilia?"

"Sishangilii mimi. Nitakaa tu."

Mama akampa chai. Akainywa yote.

Tutakaa naye, Baba.

Unakumbukwa na mkeo Severina, wanao Faustina, Aroni na Eveline, mkweo Benjamini, mdogo wako Tadeo, wajukuu, wanajumuiya, na vijana wa Mianzi Stars popote wanapolala. Pumzika kwa amani, Mhehe wetu. Tutakukumbuka daima, tukishinda na tukifungwa.