Misumari ya Pua

Ibra, Sharqiya
12 Oktoba 2024

Mwanangu mpenzi Hazim,

Marahaba, baba. Shikamoo yako ya kwenye simu nimeipokea, lakini simu haishibishi. Hujambo? Israa mkeo hajambo? Na mjukuu wangu Hala, kikohozi kimemwacha? Mimi sijambo, alhamdulillah, ila magoti tu, na hayo ni umri. Joto la hapa limeanza kupungua.

Mwandiko uniwie radhi, kisomo changu unakijua. Naandika kwa ajili ya ule ubao wa mwerezi ulioangushwa na upepo ukutani, upande anaolala Hala. Tangu uniambie, moyo haujatulia. Theluji yenu ya Kanada ikija, itamkuta mtoto kitandani.

Mwaka jana nilikwambia ununue misumari ya pua. Ukanicheka: "Mama, nijenge ukuta au nimvishe mtu kipini?" Ukenda ukanunua ya chuma hivihivi. Kosa langu, mwanangu. Nimekulea kwa Kiswahili cha Unguja katikati ya Kiarabu, nikasahau kukufunza kuwa pua ni chuma pia, kile kisichoshika kutu.

Sasa sikia ajabu. Nilikwenda kwa Marhun, fundi wa milango hapa sokoni, akanipa misumari miwili, wa chuma na wa pua. Kile kipande cha mwerezi ulichoniletea ninuse nikakirowesha, nikaipigilia yote miwili. Siku ya tatu msumari wa chuma umetoa machozi meusi, kama vidole vyangu nikikata komamanga la Nizwa kwa kisu cha kizamani. Wa pua, ubao safi, kama haukuguswa.

Nilikaa nacho mkononi mpaka kahawa ikapoa. Mti umekatwa, umepasuliwa, umepigwa randa, umevushwa bahari, na bado unajua kilichouchoma. Subhanallah. Nimeishi miaka yote hii nikidhani ubao ni kitu kilichokwisha kufa.

Nikampelekea Marhun akione. Akasema, "Mama, mti huu kama mke. Ukimuudhi hasemi, utaona usoni." Nikamwambia, "Wewe uliyeachwa mara mbili, uso uliuangalia lini?" Akacheka mpaka akaweka nyundo chini.

Lakini kazi anaijua. Anasema uchague msumari wenye pete pete mwilini, ubao ukivimba na kunywea usichomoke. Kichwa kiishie sawa na ubao, usikididimize. Na usishone mbao mbili kwa msumari mmoja, kila ubao uachiwe nafasi ya kujinyoosha.

Baba yako anakusalimu, na Shurooq dada yako, na jirani yetu Bi Rahaf, anayemwombea Hala kila sala. Barua hii kaibeba shangazi yako Kaltham. Ndani ya kitambaa nimekufungia msumari mmoja wa pua. Nenda nao dukani, uweke mezani, useme: kama huu. Jina la pua usilifasiri, wasije wakakucheka wao.

Wa kwanza upigilie upande wa Hala. Na Mola azizibe tundu nisizoziona mimi.

Mama yako akupendaye,
Mahfoudha