Hakuanguka Kutoka Paani

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa kituoni tarehe 19 mwezi wa tatu, saa nne asubuhi.
Shahidi: anajulikana kwa jina la Mama Pacha
Umri: miaka 51
Kazi: mfugaji wa ng'ombe wa maziwa
Makazi: shamba la pili baada ya daraja, upande wa kulia

Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe.

Mimi ni mjane. Naishi shambani na mama mkwe wangu. Mabinti zangu pacha wameolewa mbali. Mnamo tarehe 2 mwezi huu kimbunga kilipita kwetu kuanzia alfajiri hadi mchana. Kiling'oa mabati yote ya banda la ng'ombe, kikaangusha ukuta wa upande wa mto na kulaza uzio wote chini. Ng'ombe wawili walikufa palepale chini ya ukuta. Waliobaki walitoka mbio, na baadaye wakarudi wenyewe mmoja mmoja, isipokuwa mmoja aliyekuwa na mimba kubwa. Huyo tunamwita Bibi Harusi kwa sababu ya mwendo wake wa kujivuta.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni dereva wa lori mjini. Aliposikia, aliomba ruhusa kazini akaja. Ndiye aliyekata miti iliyoanguka, akanyoosha kwa nyundo mabati yaliyokunjamana na kusimamisha nguzo za banda upya. Analala juu ya magunia sebuleni, maana chumba cha wageni hakina paa. Si mtu mbaya. Naomba na hilo liandikwe.

Tarehe 14, njia ya juu ilipokwisha kusafishwa, mimi na shemeji tulikwenda kumtafuta Bibi Harusi. Tulimkuta kwa jirani yetu, ambaye ni fundi cherehani na alikuwa akifuga ng'ombe pia. Nasema alikuwa, kwa sababu ng'ombe wake wote walikuwa bondeni siku ya kimbunga na mto uliwasomba. Zizini kwake alikuwemo wetu tu, na ndama mchanga kando yake. Fundi alikuwa amechuchumaa anamkamua.

Shemeji alisema, "Kumbe maziwa ya ng'ombe wa watu ni matamu."

Fundi akasema, "Karibuni, karibuni! Mama Pacha, hongera, umepata mjukuu. Nilikuwa nasubiri njia ifunguke niwaletee."

"Njia gani?" Shemeji akauliza. "Kwani sisi tumekuja kwa ndege?"

Fundi alicheka. Nadhani alidhani ni utani, maana hao wawili wametaniana miaka yote. Shemeji aliokota nguzo ya uzio iliyokuwa imelala pale, akampiga. Fundi alikinga kichwa kwa mkono wa kulia. Nilisikia mfupa ukivunjika. Ndoo ilipinduka. Shemeji alipoinua nguzo mara ya pili niliing'ang'ania, nikamwambia, "Mtazame ng'ombe kwanza."

Alimtazama. Paja la Bibi Harusi lilikuwa na jeraha refu, naamini la seng'enge, nalo lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweusi wa kushonea magunia, mishono midogo midogo iliyolingana. Mbele yake kulikuwa na majani mabichi, na kwetu kote malisho yamefunikwa na tope; majani yale yanapatikana juu mlimani tu. Ndama alikuwa amekingwa kwa turubai. Nyumba ya Fundi ilikuwa wazi upande mmoja wa paa, na kamba za turubai hilo zilikuwa bado zinaning'inia pale juu.

Shemeji alitupa nguzo, akakaa chini kwenye matope. Mimi ndiye niliyemfunga Fundi mkono.

Tulipokuwa njiani kwenda zahanati, kwenye gari la mkusanya maziwa, Fundi aliniambia, "Nimeanguka kutoka paani nikipigilia bati."

Nikamwambia, "Hukuanguka."

"Mama Pacha, huyo akifungwa, banda lako atalimaliza nani? Mimi, na mkono huu?" Alijaribu kucheka, maumivu yakamkatiza.

Kwa hiyo mganga wa zahanati aliambiwa ameanguka, na nyinyi polisi mlipouliza mkaambiwa hivyo hivyo.

Jana mchana nilikwenda kumjulia hali. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Alikuwa amebana sindano kwa meno, anajaribu kutia uzi kwa mkono wa kushoto. Uzi ukapita pembeni. Akaulowesha mate, akajaribu tena, ukapita pembeni. Hakuniona. Nilisimama mlangoni, kisha nikaondoka bila kupiga hodi.

Jioni niliwaeleza nyumbani kwamba nitakuja hapa. Mama mkwe alisema, "Mwanangu, nilizaa wawili. Mmoja tulimzika pamoja, mimi na wewe. Huyu wa pili usinifanye nikamtembelee rumande." Shemeji alikuwa ananawa mikono. Alisema, "Mama, mwache aende."

Asubuhi hii tumekuja pamoja. Yuko nje, kwenye benchi lenu.

Niliyoyaona ni hayo, na nimeyasema bila kulazimishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake naye ameyakubali, baada ya kuomba neno moja lirekebishwe. Mimi nilikuwa nimeandika "walisukumana". Ametaka liandikwe "akampiga", nami nimelirekebisha. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema anayesubiri nje hajala tangu jana, akaomba apewe chochote kabla ya kuhojiwa.