Waliojifunza Kufuma Nyuma ya Kitambaa

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Nakuandikia kutoka Usangi, naomba unishike mkono kabla sijafanya jambo la kujutia. Mimi ndiye ninayewafundisha akina mama kufuma masweta kila Jumatano, na bila kujisifu, ingawa najisifu, baridi ya huku juu haimpati mtoto wa mwanafunzi wangu hata mmoja. Sasa juzijuzi likapanda gari la sinema la serikali na picha ya kufundisha kufuma, uwanja ukafurika, hata akina mama wakwe wanaowakataza wakaza wana wao kuja darasani walikuja wenyewe, na waliokosa nafasi mbele wakakaa nyuma ya kile kitambaa cheupe, maana picha huonekana pande zote mbili. Mshauri, ukiitazama kwa nyuma, mkono wa kulia unakuwa wa kushoto! Wao hawakujua, wakaiga walichoona, na leo nusu ya wanafunzi wangu wapya wanafumia kushoto, nikiwasahihisha wananijibu, "Mwalimu, hivi ndivyo tulivyoona kwenye sinema," nami nachemka. Bwana Maendeleo anataka nimwambie kama sinema yatosha peke yake, ili aipeleke kijiji cha Mamba kusiko na mwalimu, na darasa langu huenda likafungwa. Moyo unaniambia nimwite awaone hao wa kushoto, acheke, na sinema iishie hapo. Mume wangu Sefania asema huo ni wivu. Je, ni wivu?

Priska, mwalimu wa kufuma

Marahaba, Priska. Ndiyo, ni wivu, na Sefania mpikie makande kwa kukuambia ukweli.

Pole lakini. Najua inavyouma ufundishe miaka, halafu kitambaa kipigiwe makofi. Ila akina mama wa Mamba nao wana baridi na watoto, utawanyima kwa sababu umenuna? Sinema iliwatoa wakwe nyumbani kwa jioni moja, kazi iliyokushinda wewe. Tena vidole vyake ni vikubwa kama mihogo, hata aliyekaa mwisho anaviona.

Haya, sasa usikie na lako. Sinema haina macho. Haikuona nani kakaa wapi, haimngoji aliyechelewa, haimwambii mtu "fumua hapo, uanze tena," na ukiiuliza swali inaendelea na mambo yake. Kazi hiyo ni yako, mama, na utembee kifua mbele.

Nenda kwa Bwana Maendeleo umwambie yote, zuri na baya, usifiche. Sinema ije kwanza, watu wavutike. Mwalimu abaki baada yake. Asikae mtu nyuma ya kitambaa. Na gari likienda Mamba, nawe panda.

Na hao wa kushoto, ngoja nikukaripie: umeniandikia kwamba wanafumia kushoto, hukuandika kwamba masweta yao yanafumuka. Basi unawasahihisha nini? Kaa mbele yao uso kwa uso, mkono wako wa kulia uelekeane na wao wa kushoto, uone kama hawatakufuata bila taabu. Jumatano hii hii uanze. Masweta yakiisha wavalishe watoto, waende nao kanisani, na wakiulizwa ni nani aliyewafundisha, hakuna atakayetaja gari.